Uzito wa Kakakuona

Mimi si mtu wa kutishika ovyo. Nimelisha fisi miaka tisa na vidole vyangu bado ni kumi. Lakini kakakuona alipoletwa kwenye bustani yetu ya wanyama, roho haikutulia tena. Wenzangu wa bustani nyingine walishanionya: hao hawakai. Wanasusa chakula, wanakufa.

Mchwa wake tuliwafukia kwenye udongo wa sanduku alimolala, kwa hiyo kama anakula au hali, hakuna aliyeona. Nilitegemea mizani. Kumtoa kungemtia hofu, basi kila asubuhi nilipima sanduku zima, yeye na udongo wake: kilo kumi na nne. Siku sita mfululizo, kumi na nne. Daktari wetu wa wanyama, ambaye amemwoa dada yangu, alinicheka.

"Shemeji, mnyama hapungui hata kidogo. Utakayekonda ni wewe."

Siku ya saba alikuja mzee tuliyembatiza Daftari. Umri wake wote amezunguka bustani za wanyama akiandika aliowaona, na kakakuona alikuwa hajampata. Tangu tufungue lango alisimama nje ya kioo, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Nikachukua ndoo nilowanishe udongo kabla ya kupima, kama kawaida yangu. Maji yalipoanza kunywea udongoni, nikaisimamisha ndoo. Siku zote nilikuwa namwagia maji kwanza, ndipo napima. Yeye alikuwa anapungua, maji yangu yanajazia.

Nilimpigia shemeji simu, nikamwambia aache kila kitu aje. Halafu nikafukua udongo kwa mikono miwili, nikiomba nikute tufe gumu la magamba, maana kakakuona mzima ukimgusa tu hujikunja.

Nilimgusa. Hakujikunja. Nilipompakata alikuwa mwepesi mno, tumbo wazi, kichwa kimeegemea mkono wangu, akitazama upande wa kioo kwa macho madogo yasiyopepesa.

Nje, Mzee Daftari alikuwa anafuta machozi.

"Ahsante sana, binti yangu," alisema. "Wenzangu wote waliishia kuona mgongo. Mimi amenionyesha uso."

Nilikuwa nahesabu pumzi za kakakuona, na ya tano ilichelewa.