Nafasi Mbili za Muoki

Warigia aliandika maisha ya wafu, na alikuwa hodari. Duka la Gachau, pale Thika nyuma ya soko, lilichapa kadi za harusi na mabango ya wanasiasa, lakini sifa yake ilikuwa programu za mazishi. Familia ilikuja na picha ya marehemu na tarehe chache, ikaketi kwenye benchi mbele ya Warigia, naye akaanza kuuliza. Mzee alipenda chai ya aina gani? Aliimba nini akikama ng'ombe? Alimtania nani? Jioni waliondoka na kurasa mbili ambazo zikisomwa kaburini hata wakwe walitoa leso.

"Watu wanafia Murang'a," Gachau alipenda kusema, "lakini wanakuja kuandikwa Thika."

Jumapili, baada ya kanisa, Warigia aliandika watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Hadithi zake zilisomwa kwanza na rafiki yake Muoki, na za Muoki zilisomwa kwanza naye. Muoki alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili huko Witeithie, Mkamba mrefu mwenye kicheko cha kufukuza ndege shambani. Walikutana kwenye kikundi cha waandishi cha Jumamosi. Kikundi kilikufa, urafiki ukabaki. Watu walidhani ni wapenzi, na wao wakachoka kukana.

Desemba walituma maombi pamoja, siku moja, meza moja, kwa vyuo vitatu vya Marekani vinavyofundisha uandishi wa hadithi na kumlipia mwanafunzi kila kitu. Majina ya vyuo yalikuwa marefu, kwa hivyo waliviita kwa picha walizoziona mtandaoni: Cha Ziwa, Cha Theluji na Cha Mahindi.

"Na hiyo masters ni ya nini tena?" mama yake Warigia alimuuliza asubuhi moja wakiokota mayai. Walikaa Mugutha, upande wa Ruiru, na mama alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba.

"Ya uandishi, Mama. Kuandika hadithi."

Mama alisimama na yai mkononi. "Warigia. Si nilikupeleka nasari ukafunzwa kuandika?"

"Hii ni kuandika kwa ubunifu."

"Haya. Mimi nitaomba. Mungu anajua huo ubunifu ni nini."

Alhamisi hiyo akina mama wa kanisa walimwombea Warigia apate "ile kazi ya ng'ambo", na jirani yao Wilkister akamwagiza kabisa amletee mwanawe viatu kutoka huko, namba arobaini na mbili, vyeusi.

Majibu yalianza kutoka Februari. Kulikuwa na ukurasa mtandaoni ambapo waombaji wa dunia nzima walitangaziana: mimi nimekubaliwa, mimi nimekataliwa, kuna yeyote aliyesikia kutoka pahali fulani? Warigia aliufungua akipiga mswaki. Aliufungua akingoja maji yachemke. Simu ikilia akiwa amelowa povu, aliishika kwa povu hilo hilo, akakuta ni mama anauliza kama kuna vitunguu. Aliota amekubaliwa, kisha akaota wamemwambia walikosea namba.

Kazini alianza kuharibu. Siku moja Gachau alipitia ukurasa aliouandika kuhusu mzee fulani kabla haujachapwa, akamtazama juu ya miwani.

"Warigia, soma hapa."

Warigia alisoma: *Mwaka huo alituma maombi kwa Bi Wanja, na baada ya kusubiri kwa muda mrefu akakubaliwa.*

"Sasa huyu mzee alioa," Gachau aliuliza, "ama alijiunga na chuo?"

Wa kwanza kupata jibu alikuwa Muoki. Alipiga simu saa ya chakula cha mchana. "Wari! Cha Ziwa wamenichukua!"

Warigia alipiga kelele mpaka mteja akaangusha kadi za harusi. Furaha ilikuwa ya kweli. Halafu simu ilipokatika alienda nyuma ya duka, akakaa juu ya katoni ya karatasi, na jambo lingine likaanza kumtafuna polepole. Kwa nini si mimi? Akajikemea. Likaendelea kumtafuna.

Wiki iliyofuata Cha Mahindi kiliwakataa wote wawili, kwa maneno yale yale, na hiyo ikawa siku yao ya raha kuliko zote mwezi huo. Walisomeana barua hizo kwa sauti za wahubiri. Lakini baada ya hapo Cha Theluji kilimkataa Warigia, na siku hiyo hiyo kikamkubali Muoki.

"Lazima tukule nyama," Muoki alisema. "Hata kama hujasikia bado kutoka Ziwa. Tunakula ya kwangu sasa, ya kwako baadaye."

Walienda Kamakis, wakaketi mahali penye moshi wa kupendeza, wakaagiza mbavu za mbuzi na kachumbari. Muoki alikuwa amevaa shati jipya. Nyama ilikuwa ndiyo imefika kwenye ubao, mhudumu bado anaikata, wakati simu ya Warigia ilipotetemeka.

Ilikuwa ni Cha Ziwa. Hawakumkubali, hawakumkataa. Walisema wameipenda sana kazi yake, wamemweka kwenye orodha ya wanaosubiri, na mmoja wa waliokubaliwa akiiachilia nafasi yake watamwandikia.

"Unajua shida yangu?" Muoki alikuwa anasema, akichovya nyama kwenye chumvi. "Sijui nichague gani. Theluji wana mwalimu mmoja ninayemtaka. Ziwa wana mji mzuri, umeona zile picha? Nimeamua kuwaacha wangoje kidogo. Maisha yangu yote sijawahi kutakwa na watu wawili kwa mpigo." Akacheka, na kwenye meza ya jirani mtoto akageuka kumwangalia. "Nani huyo?"

"Matangazo tu," Warigia alisema, akaifunika simu mezani.

Angesema nini? Akisema, Muoki angemwachia nafasi hiyo papo hapo, maana moyo wake ulikuwa hivyo, pengine hata kama Ziwa ndiko alikotaka. Halafu Warigia angeishi miaka miwili akijua amekalia kiti cha mwenzake. Na je, kama asingemwachia? Hilo aliogopa hata kulifikiria. Akachukua ubavu, akala.

Mvua za Aprili zilianza. Muoki alimtumia picha za ziwa asubuhi na za theluji jioni. *Gani sasa?* aliandika. *Fuata moyo,* Warigia alijibu, halafu akaitupa simu kitandani kama imemchoma. Tarehe ya mwisho ya kuchagua ilikuwa inakaribia, na kila siku mtu mmoja au wawili kwenye ule ukurasa walitangaza kwamba wametolewa kwenye orodha na kuchukuliwa. Mmoja alikuwa Ghana. Mmoja alikuwa na miaka sitini.

"Wewe unaumwa?" mama alimuuliza. "Mukimo umeuacha sahanini. Mukimo!"

Warigia alimweleza yote.

Mama alifikiri. "Kwa hivyo Muoki amekalia viti viwili, na wewe umesimama?"

"Si hivyo, Mama."

"Ni hivyo kabisa."

"Na usimwambie. Niahidi."

"Mimi? Nimwambie nani?"

Jumapili Muoki alikuja Mugutha kuchukua mayai, kama alivyofanya mara kwa mara. Warigia alikuwa nyuma akianua nguo, maana wingu lilikuwa limejaa. Mama alimkaribisha ndani, akammiminia chai, na ahadi yake ilidumu mpaka kikombe kikafika nusu.

"Muoki, mwanangu," alisema, "ukialikwa harusi mbili siku moja, unaweza kula kote?"

"Nikijaribu, Mama, naweza."

"Basi ujue ukila kote, kuna mwenzako anarudi nyumbani na njaa."

Muoki alicheka. Kisha aliona kwamba mama hacheki, akaweka kikombe chini, na mama akamwambia.

Warigia alimwona akija kati ya kamba za nguo, akiinamia shuka, bila kicheko. Alijua mara moja.

"Tangu lini?" Muoki aliuliza.

"Mama! Huyu mama!"

"Wari, tangu lini?"

"Tangu Kamakis."

"Zile mbavu tulikula ukijua?"

"Nilikula kidogo tu."

"Ulikula nusu!"

Walitazamana. Matone ya kwanza yalianza kugonga mabati, nao wakakimbia chini ya paa la banda la kuku na nguo zikiwa mikononi. Kuku walilalamika.

"Ulidhani nitakataa?" Muoki aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Niliogopa utakubali."

Muoki alikuwa ameshika taulo la mama, akalikunja, akalikunjua. "Sikiza. Mimi nilishaamua. Ni Theluji. Niliamua hata kabla ya mvua kuanza, zile picha nilikuwa najifurahisha tu."

"Sasa mbona hukuwaambia Ziwa?"

"Kwa sababu..." Alitazama kuku. "Asubuhi kabla sijaenda shule ninazifungua zile barua mbili. Nasoma moja, nasoma nyingine. Mimi wa kutoka Matuu huko Ukambani, vyuo viwili vinanibembeleza! Nikiwaambia hapana, inabaki moja. Nilikuwa nataka tu ziendelee kuwa mbili." Akatikisa kichwa. "Aki, sikufikiria kuna mtu mlangoni. Na kumbe mtu mwenyewe ni wewe."

Warigia alitaka kukasirika, na kwa kweli alikasirika, lakini hasira ilikosa pa kukaa. Yeye mwenyewe angezisoma barua hizo mara ngapi kwa siku? Angelala nazo chini ya mto.

"Ungeniambia," Muoki alisema.

"Na wewe ungewaambia Ziwa," Warigia alisema.

Hapo wakawa sawa. Muoki alitoa simu, akaandika barua ya kuwashukuru watu wa Ziwa na kuiachilia nafasi yake. Mtandao ulikataa chini ya mabati. Alijifunika taulo kichwani, akakimbia hadi getini kwenye mvua, akainua simu juu kama anayemulika taa, akarudi ameloa chapachapa.

"Imeenda. Lakini usifikiri nimekupa," alisema. "Hiyo orodha ina watu wengine. Wanaweza kumchukua mwingine."

"Najua."

"Ukikosa usinilaumu."

"Nitakulaumu mpaka nizeeke."

Hapo ndipo kile kicheko kilipotoka, na kuku wote wakahamia upande wa pili.

Jumatatu haikuleta kitu. Jumanne pia. Warigia aliufuta ule ukurasa wa waombaji kwenye simu, akaurudisha, akaufuta tena. Alikuwa amejiambia kwamba akikosa ataomba tena mwakani, na alipoyasema hayo kwa sauti akiwa peke yake jikoni aligundua ni kweli, ataomba tena.

Jumatano ilikuja familia kutoka Gatundu. Baba yao, Mzee Simeon, alikuwa amefariki mwishoni mwa wiki. Binti yake, Janice, mwanamke wa makamo mwenye leso nyeusi, aliketi kwenye benchi na kakake, na Warigia akaanza kuuliza kama kawaida. Mzee alikuwa akiimba sauti ya chini katika kwaya. Alikuwa hawezi kupita kwa jirani bila kuuliza watoto wamefika darasa gani.

"Aliimba hata akiwa hospitali," Janice alisema. "Nesi alimwambia anyamaze, akamfundisha huyo nesi wimbo."

Warigia alikuwa anaandika sentensi hiyo wakati barua ilipojitokeza kwenye pembe ya kompyuta. Aliona jina la chuo. Hakupaswa kuifungua mbele ya wafiwa. Mkono uliifungua.

*Tuna furaha kubwa,* ilianza.

Alijaribu kuuficha uso wake. Alikaza midomo, akainamia kibodi, akaandika neno "kwaya" mara mbili. Haikusaidia. Machozi yalishuka yenyewe, mengi, yakadondoka juu ya picha ya Mzee Simeon iliyokuwa mezani.

"Woi," Janice alisema. "Ulimjua baba?"

"Hapana. Hapana, samahani sana." Warigia aliifuta picha kwa mkono wa sweta.

"Usiombe msamaha. Hata mimi nikikumbuka nesi na ule wimbo..." Janice alianza kulia pia, na kakake akatoka mbio kwenda kununua soda, kwa kuwa hakujua jambo lingine la kufanya na wanawake wawili wanaolia.

Gachau alichungulia kutoka kwenye mashine. Warigia alijua angeweza kunyamaza, na wangeondoka wakimsifu. Hakuweza.

"Nimepata habari njema," alisema. "Sasa hivi, hapa kwa kompyuta. Nimekubaliwa chuo. Nimesubiri tangu Desemba. Pole, si mahali pake, nyinyi mko na msiba."

Janice alimtazama, macho mekundu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Warigia akachelewa kutambua kwamba sasa anacheka.

"Ngai! Angekuwa hapa," Janice alisema akijifuta, "angekuuliza ni chuo gani, na kama kuko na kwaya, na hungetoka hapo mpaka ujibu." Kaka yake alirudi na soda tatu. "Fungua," dada yake akamwambia. "Tunanywa kwa ajili ya huyu msichana."

Wakanywa. Kisha Warigia akajifuta uso, akaifunga ile barua, akaendelea kuuliza. Aliandika kurasa mbili, na ya tatu, akawasomea, wakamrekebisha jina la mjukuu mmoja. Alipoona wamevuka barabara na kuingia kwenye gari lao, alitoka nje ya duka akampigia Muoki.

Muoki alikuwa darasani. Alishika simu hata hivyo. Warigia alisema maneno mawili tu, na upande wa pili kile kicheko kikalipuka, viti vikakwaruza sakafu, na sauti ya mwanafunzi ikasikika, "Mwalimu, sasa tufungue ukurasa gani?"

"Wowote!" Muoki alipaza sauti. "Fungueni wowote mnaopenda!"