Mwisho wa Mstari

Katika ofisi yao ndogo pale Ruiru, Nzilani aliitwa Mama Themanini. Yeye ndiye aliyekagua programu za kompyuta kabla hazijaenda kwa wateja, na mstari wowote uliozidi herufi themanini aliurudisha kwa mwandishi wake na neno moja: "Kata."

Wenzake walidhani ni ukali tu. Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa yamefifia tangu Agosti, naye alikuwa amekuza maandishi hadi skrini ikabeba herufi themanini na mbili kwa mstari, basi. Kilichozidi kilijificha nje ya ukingo. Hakumwambia mtu. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba, na mkaguzi asiyeona vizuri nani angemwongezea?

Mwezi Oktoba, Waweru, mmoja wa waandishi wa programu, akapendekeza kikomo kiwe herufi mia na ishirini.

"Skrini siku hizi ni pana kama uwanja, Mama Themanini. Hiyo nafasi yote tunamwekea nani?"

Watu wakacheka. Bedan, mkuu wao, akamuuliza Nzilani kama ana pingamizi.

"Hapana," akasema. "Yangu yalikuwa mazoea tu."

Wiki mbili baadaye, Jumapili saa nne, simu za wakulima wa Ngoliba zililia kwa pamoja katikati ya mahubiri, ujumbe kutoka programu ya ofisi hiyo: zamu yako ya maji imefika. Waumini wakatoka mbio kwenda mashambani, wakakuta mifereji mikavu, kwa sababu mradi wao wa umwagiliaji haufungui maji Jumapili. Mzee Kimeu, mwenyekiti wa mradi, alipiga simu kesho yake.

"Mchungaji wetu amehubiria viti," akamwambia Bedan.

Waweru hakukana. Katika orodha ya siku za maji alikuwa ameongeza Jumapili wakati wa majaribio, akasahau kuitoa.

"Lakini wewe ndiye ulipitisha, Nzilani. Hukuiona hapo mwisho?"

Angeweza kusema alikuwa amechoka. Bedan alikuwa amesimama palepale, anasikiliza. Nzilani akainuka.

"Kuja ukae kwa kiti yangu."

Waweru akakaa. Mstari wake wa siku za maji ulifika kwenye neno Ijumaa ukaishia kwenye ukingo wa skrini, kana kwamba umekamilika. Akausogeza pembeni kwa kipanya, na Jumapili ikajitokeza.

"Herufi zako ni kubwa hivi kila siku?"

"Tangu Agosti."

"Na ukanyamaza, nikikuita majina."

"Ningesema, Desemba ningekuwa Thika nauza mitumba."

Waweru hakucheka. Aliweka mshale wa kipanya baada ya Jumatano, akaukata mstari vipande viwili.

"Sasa unaona yote?"

"Naona."

Bedan alivuta kiti, akatazama skrini.

"Turudi themanini," akasema. "Na Januari tukutafutie skrini kubwa."

"Januari?" Nzilani akauliza polepole.

"Eeh, Januari. Ama ulikuwa na safari?"