Virusi Visivyo na Pa Kushika

Asubuhi ya Jumamosi Mwaitu, mama yangu, alikata shina la mnyanya ulionyauka, akalishikilia ndani ya glasi ya maji. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye shina. Walikuwa bakteria, mamilioni yao, wale niliodhani nimewamaliza.

"Bado wapo," alisema, kana kwamba anazungumzia wageni wasiotaka kuaga.

Shamba letu la Kibwezi hunyweshwa na mfereji tunaogawana na wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Sheria yao haina mjadala: shamba lenye mnyauko hufungiwa maji na minyanya yote hung'olewa, hata iliyo mizima, kabla ugonjwa haujafuata maji hadi kwa jirani. Mwenyekiti wao, Mama Kaluki, ambaye shamba lake linafuata letu, alikuwa ametupatia mwezi mmoja ili nijaribu tiba yangu. Nilikuwa nimetoka chuoni na chupa ya virusi vinavyoua bakteria, nilivyovipata kwenye maji ya mto na kuvikuza maabarani. Nilivimwaga kwenye mizizi, na minyanya ikainuka. Kanisani walishukuru kwa niaba yetu. Kisha majani yakainama upya, nami nikampelekea Irungu, mwenzangu wa maabara, vipande vya shina.

Alipiga simu glasi ikiwa bado mkononi mwa Mwaitu.

"Ndunge, umeketi?"

"Sema tu."

"Virusi vyako havishiki tena. Nimesoma jeni ya bakteria. Kuna herufi moja imepotea."

Sikuhitaji aendelee. Ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, husoma ujumbe wa jeni herufi tatu tatu, na kila tatu huongeza kiungo kimoja cha protini. Herufi moja ikidondoka, zote zinazofuata husomwa kombo, mpaka ishara ya kukoma itokee kabla ya wakati. Protini iliyokatika hivyo ndiyo ambayo virusi vyangu vilikuwa vikiishika kwa mikia ili viingie. Bakteria waliokuwa nayo nzima walikufa. Wasiokuwa nayo walibaki na shamba lote.

Nilimweleza Mwaitu kadiri nilivyoweza.

"Na hivyo vya chupani haviwezi kujibadilisha?"

"Havina ribosomu hata moja, Mwaitu. Visipoingia ndani ya bakteria na kutumia kiwanda chake, haviwezi kutengeneza chochote. Hata kuzaana."

"Kumbe navyo vimefungiwa nje," alisema. "Utapata vingine?"

"Nitatafuta. Labda miezi. Labda nisipate."

Wanawake walifika na majembe. Mama Kaluki alitangulia, akinitania kutoka mbali.

"Daktari wa virusi, wanajeshi wako wamekula mshahara wakalala?"

Wenzake walicheka, nami pia nikajaribu. Kisha akaiona glasi. Akashusha jembe lake.

"Mama Ndunge," alisema kwa sauti ya chini, "kwangu minyanya miwili imeinama tangu jana. Sikutaka kukuambia kwa simu."

Mwaitu alilichukua jembe la mwenyekiti, akaenda mwenyewe kwenye mdomo wa mfereji, akaufukia. Alikanyaga udongo mpaka maji yakakoma kabisa.

Tulianza kung'oa. Upande wa mwisho minyanya ilikuwa imesimama wima, matunda yake yakianza kubadilika rangi. Nilishika shina la mmoja nikashindwa kuvuta.

"Huu ni mzima," nilisema.

"Una hakika?" aliuliza Mama Kaluki, na hakuwa akinitania tena. Aliuliza kama mtu anayetaka sana kuambiwa ndiyo.

Niligeuza majani yote. Yalikuwa mabichi, imara, yananukia. Bakteria wanaweza kukaa ndani ya shina muda mrefu kabla jani lolote halijainama, na macho hayawezi kuwaona.

"Sijui," nilisema.

Mwaitu alikuja akaweka mkono wake juu ya wangu, tukavuta pamoja.