Bi Kafedha Habebwi

Nguma hakuwa mtu wa makuu. Jirani yeyote wa Port Reitz angekuapia hivyo, mpaka alipoinunua ile pikapu. Kwanza aliipeleka gereji ya Riyadh, pale Magongo, ibadilishwe springi za nyuma tu. Baada ya springi zikafuata shoki. Baada ya shoki yakaja matairi makubwa yenye meno kama ya mamba, na kwa kuwa matairi hayo yalikuwa yakikwaruza, bodi nayo ikabidi iinuliwe. Jambo likazaa jambo. Mwisho wa yote pikapu ilikuwa na winchi puani, mtambo wa kujivutia topeni, na ubavuni bomba jeusi la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya paa, ili injini iendelee kupumua hata gari likizama mpaka kifuani.

"Kwani Nguma aenda vitani?" watu wakaulizana, wakacheka.

Wacheke tu. Walikuwa hawajui. Pikapu ile haikuinuliwa kwa ajili ya Nguma bali kwa ajili ya mamake.

Bi Kafedha kwao ni Ganze, ng'ambo ya mto ambao mvua za mwaka uliopita zililichukua daraja lake likaenda zake. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani. Na huko nyumbani dadake mkubwa, Eddah, amelala kitandani, na ugonjwa wake haueleweki. Eddah hakutuma maneno ya kubembeleza. Alisema: "Mwambieni Kafedha aje tuonane macho kwa macho. Nikishafunikwa asije kunililia, maana sitamsikia." Bi Kafedha aliposikia hayo hakula mchana kutwa. Jioni Nguma akamwambia, "Mama, nitakupeleka. Hata kama ni kuyapita maji, nitakupeleka." Mtoto wa kiume akishasema hivyo mbele ya mamake, hana tena mlango wa nyuma wa kutokea.

Basi Jumamosi asubuhi Bi Kafedha akaletwa gereji kwa tuktuk, amevaa leso mpya, fimbo mkononi. Riyadh akatoka mvunguni mwa gari moja, akijifuta mikono. Ni kijana wa Kisauni, ana maneno mengi kuliko spana zake, lakini ana adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Wallahi, mama, hii hata ukiipeleka baharini itatokea Unguja."

Bi Kafedha akaizunguka pikapu polepole, akaigusa tairi, akalitazama bomba, akarudi ubavu wa kushoto. "Na mlango uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Huo ni dirisha," akasema Bi Kafedha.

Watu wa gereji wakaangua kicheko, ila Nguma. Yeye ndipo alipoona. Siku zote zile alikuwa akipima kimo cha maji ya mto, akipima mawe ya njiani, akipima kila kitu isipokuwa mamake, ambaye ni mfupi, mnene, na ana magoti yasiyokunjika. Chuma cha kukanyagia kilikuwapo chini ya mlango, tena kizuri, lakini kilimfika Bi Kafedha juu ya goti. Wakaleta kigoda. Mguu haukupanda. Wakaleta kreti la soda, wakaliweka juu chini. Bi Kafedha akashika mlango, akakaza meno, akajaribu tena na tena, hadi jasho likamtoka na leso ikamlegea. Mguu ukakataa. Mkamia maji hayanywi, waliosema hawakukosea.

"Mama, tuna winchi," Riyadh akaanza. "Twaweza kuifunga kwa juu, halafu..."

"Nivutwe mimi? Kwani nimekwama kwenye tope?"

"Basi nitakubeba," Nguma akasema. "Mimi na Riyadh. Mara moja tu, ushaketi."

Bi Kafedha akaigonga fimbo chini. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ya chini, na kicheko kikakatika gereji nzima.

"Babako alitoka mji huu juu ya pikapu. Wanaume wawili walimshika kichwani, wawili miguuni, wakampandisha. Nilikuwa nimesimama pale, niliona. Mtu wa kwetu hubebwa na wanaume mpaka kwenye pikapu siku moja tu, na siku hiyo mwenyewe hana habari. Mimi habari ninazo. Sibebwi."

Nguma aliikumbuka siku ile. Yeye ndiye aliyeshika mguu wa kushoto.

Alimvuta Riyadh kando. "Ishushe."

"Niishushe?"

"Toa kila kitu. Rudisha matairi yake ya kwanza."

"Ndugu yangu, nikiishusha mama ataingia, sikatai. Lakini mtoni mtapita na nini? Maji yale yataingia kwenye injini kabla hamjafika katikati, mkwame hapo hapo na mama ndani. Hii gari ikiwa juu, mama hapandi. Ikiwa chini, mto haupitiki. Sasa chagua."

Nguma akaketi juu ya tairi kuukuu, akajifunika uso kwa viganja. Alijihisi mjinga. Zaidi ya ujinga, aliogopa. Alimwona akilini mama mkubwa Eddah akifunikwa, na mamake akiwa Port Reitz, ameketi na leso yake mpya.

Bi Kafedha naye alikuwa amepewa kiti kivulini, akitazama kazi za watu kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Gari dogo jeupe likaja kumwagwa oili. Gereji ya Riyadh haina mashine ya kunyanyua magari. Ina njia mbili za saruji zilizojengwa sambamba, zimelala mteremko, na katikati yake fundi huingia akafanya kazi yake amesimama. Gari likaunguruma, likapanda taratibu, likatulia juu.

"Riyadh!" Bi Kafedha akaita. "Hako kagari kamebebwa na nani?"

"Hakuna aliyekabeba, mama. Kamepanda kenyewe."

"Basi kashushe, nami nipande mwenyewe."

Riyadh alibaki mdomo wazi, na kwa Riyadh hilo si jambo la kila siku. Halafu akapiga kofi moja kubwa, akaanza kupiga kelele: kagari kaondolewe, saruji ifagiliwe, imwagiwe mchanga isiteleze. Magoti ya Bi Kafedha hayakutaka ngazi za kukanyaga moja moja, lakini mteremko yaliuweza. Akaupanda kwa fimbo, kidogo kidogo, akipumua kwa sauti. Mkono hakutaka kushikwa. Nguma alitembea chini sambamba naye, mikono ameitandaza. Mama alipofika juu, Riyadh akaisogeza pikapu mpaka ubavuni, akalaza ubao kutoka saruji hadi mlangoni, na Bi Kafedha akavuka, akageuka, akaketi kitini.

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja muuza mahamri akapiga vigelegele, na hata hakujua safari ni ya wapi.

"Sasa, mama, na kushuka je?" Riyadh akauliza.

Bi Kafedha akaomba simu, akampigia dadake. "Dada, nimepanda gari refu. Sitaki kubebwa. Nitafutieni kilima." Akasikiliza, akairudisha simu. "Asema tuende tu."

Wakaenda. Wakapita Mazeras, wakapita Kaloleni, lami ikaisha na vumbi likaanza. Mtoni maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na hayakuwa na haraka wala huruma. Nguma akamwomba Mungu, akaingiza gari. Maji yakafika kwenye taa, yakapanda, yakapiga boneti. Bi Kafedha alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Injini haikukohoa hata mara moja. Walipotokea ng'ambo, maji yakichuruzika kila upande, akafumbua macho na kusema, "Yule fundi wako ana domo, lakini kazi anaijua." Nguma akacheka hadi machozi yakamtoka; ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka siku hiyo.

Kicheko hakikufika mbali. Walipolikaribia boma la kwao, waliona watu wamekusanyika uani. Wanaume walikuwa na majembe. Kando yao udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa, mbichi, na mbele ya udongo palikuwa na shimo.

Nguma akapunguza mwendo mpaka gari likasimama. Bi Kafedha akaileta leso kinywani. Mtu wa Ganze haulizi shimo jipya uani lina maana gani.

"Tumechelewa," akasema.

"Mama..."

"Endesha, mwanangu. Nimekuja, na nifike."

Gari likasogea. Ndipo kutoka nyuma ya lile rundo akajitokeza mwanamke mkongwe, mwembamba kama ufito, ameketi kwenye kiti cha plastiki, amejitanda blanketi, anawanyoshea watu fimbo.

"Mbona wasimama huko?" Eddah akafoka. "Ingiza gari! Au wataka shimo likufuate wewe?"

Mwanawe Eddah, Chrispine, akaja mbio hadi dirishani, udongo umemjaa mpaka kwenye nyusi. "Mama mdogo aliomba kilima. Kilima hatuna. Majembe tunayo."

Shimo lilikuwa pana kiasi cha gari, limechimbwa kwa mteremko kama mdomo wa barabara. Nguma aliiteremsha pikapu mle taratibu, matairi makubwa yakazama, na kila lilipozama gari ardhi ilipanda, mpaka sakafu ya mlango ikawa juu ya ua kwa kiasi cha kizingiti cha nyumba. Bi Kafedha akafungua mlango mwenyewe. Akatoa fimbo, kisha mguu, kisha mguu wa pili, akasimama juu ya ardhi ya kwao.

Walitazamana. "Umenenepa," akasema Eddah.

"Na wewe hujafa," akasema Bi Kafedha.

Wakakumbatiana wakilia na kucheka, na wanawake wakapokea kwa vigelegele. Walisema Eddah hakuwa ametoka kitandani tangu mvua, lakini aliposikia ile simu alidai kiti, akasema shimo la kumpokea mdogo wake atalisimamia yeye.

Jioni Nguma aliitoa pikapu bila hata kuigusa winchi. Mzee mmoja jirani akashika jembe, akasema shimo wazi uani si jambo jema, lifukiwe kabla ya kulala.

"Lifukiwe?" Eddah akamkatiza, mkono wake ungali ndani ya mkono wa dadake. "Na mwezi ujao Kafedha atashukia wapi?"