Lori la Kwanza Kurudi

"Basi mwambie wewe," nilisema. "Ni mkweo."

Kimutai alisema mkwe wake hatamsikiliza. Mama yangu husikiliza mtu mmoja tu, naye ni mimi. Ndiyo maana alikuwa amenisimamia jikoni kwetu Riverdale Park, Marekani, badala ya kwenda kazini, kwenye ghala la Landover.

Jambo lilikuwa hili. Nyumbani Kenya, pande mbili zilizopigana baada ya uchaguzi zilikuwa zimegawana serikali, na kaka yake Kimutai, Cheruiyot, akatajwa waziri msaidizi. Jumapili tulimfanyia sherehe kwenye ukumbi wa kanisa, yeye mwenyewe akiwa Nairobi. Nilipika pilau, nikala, sikusikia ladha. Sasa Cheruiyot alitaka waliofukuzwa warudi mashambani mwao, na lori la kwanza lingeondoka kambini kesho. Alitaka mama yangu awe wa kwanza kushuka mbele ya kamera: mama Mkikuyu aliyemwoza binti yake kwa Wakalenjin. Kimutai alikuwa ameshakubali kwa niaba yake.

"Watu wenu na watu wetu wamekaa meza moja," alisema. "Wewe unataka nini tena?"

"Hao mawaziri hawalali kwa mama."

Niliendelea kumenya viazi. Nyumba ya mama ilichomwa Januari, na aliyebeba petroli anakaa ng'ambo ya ua. Mama anamjua kwa jina. Ndiye aliyekuwa akimkamulia ng'ombe. Nilimrudia Kimutai hayo yote polepole, kama ninavyowaeleza wagonjwa wangu dawa zao. Akajibu kwamba Cheruiyot ameahidi mabati, mbegu na polisi.

"Polisi wataondoka lini?"

Akageukia dirishani.

"Baba Cheryl, nimekuuliza."

"Hafla ikiisha."

Nilingoja hasira ije. Haikuja. Cheryl aliuliza kwa Kiingereza kutoka sebuleni kama nyanya yake anarudi kwake. Nikamwambia avae viatu, basi la shule linakuja.

Nilinawa mikono, nikakwangua kadi ya simu, nikaanza kubonyeza namba. Kimutai alisema nitamwaibisha kaka yake nchi nzima ikitazama.

"Lori lina nafasi," nilisema. "Apande yeye, na alale huko."

Mama alipokea. Upepo ulikuwa ukipiga turubai la hema. Aliuliza kama nimekula, kisha akasema mzigo wake ameshaufunga, maana watu wa waziri walimwambia sisi tumekubali.

"Mama, fungua huo mzigo. Huendi."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie Waringa amekataa."

Kimutai alichukua funguo za gari akatoka. Mama hakuniuliza sababu. Alimwita jirani yake wa hema amsaidie kufungua kamba, alikuwa ameikaza mno.