Ukuta Ndani ya Mashua

Mke wangu Prisca alipoanza kuchora mashua, mimi niligeuzwa tarishi. Sikuiomba kazi hiyo, na niseme wazi kwamba ilinichosha. Prisca alichora sebuleni kwetu, baba yangu, mzee Amon, aliranda mbao kwenye banda lake ng'ambo ya migomba, na katikati nikawa nakwenda na kurudi mimi Aliko, mkulima wa kakao nisiyejua hata mashua inaanza kujengwa upande gani.

Wageni huuliza kwa nini wasiongee wenyewe. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, akimwona njiani anapinda. Ni heshima, tunaiita kutila. Siku hizi wengi wameiacha, lakini hapa Talatala baba yangu hajaiacha, na Prisca naye alilelewa hivyo hivyo kwao Katumba Songwe. Miaka sita ya ndoa, walikuwa hawajawahi kusemezana neno.

"Mwambie mbavu ziwe kumi na moja," Prisca ananituma.

"Kumi na moja za nini kwa chombo cha mita nne?" baba anafoka. "Muulize, anajenga meli?"

Narudi. Prisca anacheka, anafuta, anapiga hesabu upya. "Mwambie tisa. Halafu muulize yeye angeziachia nafasi gani."

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo. Baba, ambaye hajawahi kumuuliza mtu namna ya kutengeneza kitanda, alianza kunisubiri mlangoni mwa banda na penseli sikioni.

Wazo la Prisca lilikuwa hili: mashua ndogo ya tanga, unaipandisha kwenye tela na kuivuta kwa bajaji. Sisi ziwa haliko mlangoni, na chombo ukikiacha ufukweni, mawimbi yanakipiga au wajanja wanaondoka nacho. Hii ingelala nyumbani. Leo ishushwe ufukwe wa Itungi, kesho wa Matema. Mlingoti wake wa mwanzi unalazwa usiguse nyaya za umeme. Katikati kuna ubao mrefu unaoshuka majini kupitia mpasuo ili upepo usiisukume mashua kando. Ukikaribia nchi kavu unauvuta juu kwa kamba. Tuliuita pezi. Tanga Prisca alilishona kwa turubai la kuanikia mpunga. Vyote kwa pamoja visizidi kilo mia na hamsini, la sivyo bajaji itagoma.

Prisca alisomea uchoraji wa ufundi chuoni Mbeya, na tangu amalize alikuwa amechora nondo za madirisha tu.

"Hii ikikataa, Aliko," aliniambia, "narudi kwenye madirisha na sichori kingine tena." Hakuwa anatania. Niliogopa kwa niaba yake.

Wiki ya mwisho nikaingia bandani nikakuta kitu kisichokuwa kwenye mchoro. Baba alikuwa ameweka ubao mpana kukata mashua katikati, upande hadi upande, nyuma kidogo ya pezi. Umesimama wima. Nikakaa chini kujipima: ulinifika juu ya kichwa.

"Baba, huu ni wa nini?"

"Mwambie hautoki."

"Lakini ni wa nini?"

"Nimesema mwambie hautoki!"

Prisca alipopata habari, alitupa rula. "Kilo tisa! Nimehangaika mwezi mzima kupunguza gramu, yeye ananiongezea ukuta?" Akataka kujua sababu, nami nilitaka zaidi yake. Jirani yetu Jackson, mwenye bajaji, alisema ni wa kutenganisha mbuzi na abiria. Mtu mwingine akasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, nikamkaripia, ingawa jambo lenyewe nilikuwa nimeshaliwaza. Niliugonga ule ubao, nikaupima, nikachungulia chini yake. Haukushika mlingoti wala haukuzuia maji. Mwishowe Prisca akatoboa viti matundu kufidia uzito, na mashua ikapakiwa kwenye tela pamoja na ukuta wake.

Jumamosi bajaji ya Jackson iliivuta hadi Itungi bila kulalamika. Tela likaingizwa majini, mashua ikaelea. Baba alikuja kwa baiskeli, akaketi mbali kwenye matete, mgongo kwetu, kama desturi inavyotaka.

Tuliingia mimi na Prisca. Aibu yetu ilianza mara moja. Alishika usukani, nami nikapewa kamba ya pezi, kumbe upepo wa pale hauvumi kama wa kwenye karatasi. Unatulia, unajificha, kisha unakushukia kutoka milimani. Nilivuta pale nilipopaswa kulegeza. Mashua ikalala ubavu, maji yakaingia, ikazunguka na kuturudisha mchangani kinyumenyume. Jackson alicheka hadi akashika tumbo.

Prisca hakucheka. Alisimama maji magotini, machozi yanamtoka. "Mashua haina kosa," alisema. "Namhitaji mtu anayeujua upepo huu. Peke yangu siwezi, na wewe huwezi."

Aliyeujua upepo ule tulikuwa naye. Alivua samaki Itungi ujana wake wote kabla ya kushika randa. Lakini nani angemtaja apande mashua moja na mkwe wake?

Nikasikia naitwa. Nikaenda kwenye matete. Baba hakugeuka.

"Mwambie apande kwanza," alisema. "Akae mbele ya ubao, kwenye kamba ya pezi. Atazame Matema, asigeuke. Mimi nitaingia nyuma, kwenye usukani."

Wiki nzima nilikuwa nimeupima ukuta ule, na sikujiuliza hata mara moja ni nani na nani wangekaa pande zake. Mzee alikuwa amejiwekea nafasi ndani ya mashua ya mkwe wake, na hakujua namna nyingine ya kuomba. Nililia, sioni haya kusema.

Nilimfikishia Prisca ujumbe. Alinitazama, akautazama ule ubao, akaushika kwa kiganja. Kisha akapanda, akakaa akitazama Matema. Baba akapita nyuma yangu, suruali imekunjwa, akaingia.

Niliwasukuma. Tanga likajaa. Walikwenda wima, wakafika mbali kuliko mahali tulipozungushwa sisi, na pale upepo wa milimani ukawashukia. Mashua ikaanza kulala na kusukumwa kando. Nilimwona baba akiangaza ufukweni kunitafuta mimi, mchukuzi wa maneno yake, nami nikiwa mbali, maji kiunoni.

"Shusha pezi!" alipaza sauti. "Lote, mwanangu! Shusha!"

"Nimeshusha, Baba!"

Mashua ikanyanyuka, ikageuka vizuri, ikaushika upepo. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo nimfikishie ujumbe.