Wafiwa Jukwaani

Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, membamba kama unga unaochekechwa, na hata jua lilipopaswa kuchomoza, anga lilikuwa bado limenuna. Mwoka mikate alifungua tanuri, akapokea joto usoni, akaanza sala yake ya asubuhi huku mikono ikikanda.

Tangu mkewe afariki alikuwa akisali kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsumbua. Katika sala kuna mahali, pale penye kusamehe, ambapo alipita mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani aliyegombana naye. Siku hiyo pia alipapita. Akasema amina, akaingiza mikate.

Nyumbani mezani alibakiza kiti kimoja. Cha pili alikihamishia chumbani, akawa anakitundikia mashati. Alipojiandikisha masomo ya jioni, na mvi zake zote, alisema anataka kuandika barua bila kuomba msaada. Ilikuwa kweli, lakini kweli kubwa zaidi ni kwamba ikifika jioni nyumba ilimlemea. Darasani walimbandika jina la Hamira, naye akalipenda. Kwake hapakuwa na mtu wa kumwita jina lolote.

Muhula huo Mwalimu, msichana wa umri wa kuwa binti yake, aliwaletea mchezo wa kale wa Wagiriki. Mtu amemuua wa damu yake. Vikongwe wa kutisha wanatoka ardhini, wanamwandama mchana na usiku wakidai damu kwa damu, mpaka jiji linaamua kwamba kesi kama hiyo haiwezi kuachiwa wenye hasira peke yao, na linaunda baraza la kuihukumu. Mwalimu alikuwa akitafsiri mwenyewe, naye alikwama kwenye jina la hao vikongwe.

"Waite Mashetani, yaishe," alisema Mama Pasi, dobi, aliyezoea kumaliza mambo haraka.

"Shetani hafiwi," Hamira alijibu. "Hawa wana uchungu wa mtu. Waite Wafiwa."

Mwalimu alifurahi mpaka akageuka ubaoni, akaandika: kufa, kufia, kufiwa. Akaeleza kwamba anayekufa ni mmoja, lakini kitenzi kikinyumbuliwa kinawaendea waliobaki, wala hakichagui ni yupi kati yao. Hamira alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akapewa kuwaongoza hao Wafiwa, maana alikuwa na sauti nzito.

Basi jioni ya Jumanne hiyo walikusanyika ukumbini kwa mazoezi. Taa za jukwaa zilikuwa zinazimika na kuwaka kwa sababu ya unyevu, na fundi umeme alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama kwenye dari. Hamira aliona miguu tu. Kisha miguu ikakohoa, na kikohozi hicho alikijua. Alikuwa shemeji yake.

Mkewe hakuwa na kaka mwingine. Ndiye aliyekuwa akimwendesha siku ya ajali, wanakwenda kumwona mama yao, akasinzia kwenye usukani. Yeye alitoka na bendeji kichwani, dada yake hakutoka. Mahakama ilisema uzembe, ikamfunga, na kifungo akakimaliza. Kwa Hamira hakikuwa kimemaliza chochote. Kwenye mazishi alimkuta shemeji amekaa benchi la mbele, akamshika mkono mbele za watu, akamwinua. "Hapa wanakaa wafiwa," alimwambia. Hawakusemezana tena. Hata kwa mama mkwe, mmoja akiingia mlango wa mbele, mwingine aliaga akatokea wa jikoni, na bibi wa watu akabaki anaondoa vikombe viwili visivyowahi kukutana mezani. Hamira alikuwa akimwomba Mungu amlipizie, kwa unyenyekevu na maneno mazuri, na maombi hayo aliyaita haki.

"Fundi, samahani," Mwalimu aliita. "Muuaji wetu kapata homa. Shuka utusimamie hapa, huna kazi ila kutazamwa."

"Kutazamwa nimezoea," sauti ilijibu kutoka darini.

Alishuka akijifuta vumbi, akainua macho, akasimama.

"Shemeji," alisema polepole.

"Kumbe mnajuana," alisema Mama Pasi. "Basi usimwonee haya, Hamira. Mkaange."

Watu wakacheka. Hamira angeweza kusingizia tumbo akaondoka, lakini aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi: alitaka kumkaanga kweli. Wafiwa wakamzunguka fundi. Hamira akatoa sauti mpaka madirisha yakatetemeka.

"Ardhi imekunywa damu, nayo haijasahau. Tumeamka na nafasi tupu ubavuni. Sisi ndio Wafiwa. Wewe ni nani?"

Shemeji alikuwa amepewa karatasi. Hakuitazama.

"Alikuwa dada yangu," alisema. "Mimi ni nani, shemeji?"

"Samahani, fundi," Mwalimu alisema akifunua kurasa, "hapo imeandikwa 'Mimi ni mgeni katika jiji…'"

"Mwalimu, mwanangu, nyamaza kidogo," alisema Mama Pasi.

Mstari uliofuata ulikuwa wa Hamira: atolewe nje ya malango. Aliujua kama anavyolijua tanuri lake. Lakini kitenzi cha ubaoni ndicho kilichomjia, kile kisichochagua. Akamtazama yule mtu mwenye vumbi la dari kwenye nyusi. Mkewe alikuwa na tabia ya kuimba akikasirika, na kadiri hasira ilivyozidi ndivyo alivyoimba vizuri. Katika jiji zima kulikuwa na mtu mwingine mmoja tu aliyeijua tabia hiyo, aliyekua nayo nyumba moja, na Hamira ndiye aliyemfukuza. Kisha akashangaa kwa nini kwake kumekuwa kimya.

"Mfiwa," alisema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya jukwaani. "Wewe ni mfiwa. Niliposema vingine nilikosea."

Shemeji aliikunja karatasi, akaikunjua.

"Sitakudanganya kwamba nimepoa," Hamira aliendelea. "Kukuona kunaniuma hata sasa hivi. Lakini Mungu anisikie, na ninyi nyote mlio hapa mnishuhudie. Jumapili nitakwenda kwa mama. Nikikukuta nitaingia, na ukinikuta sitaaga. Nitakaa mpaka chai iishe. Naahidi."